Jembe Lisiwe Tena Adhabu



Nilipokuwa mtoto katika shule ya msingi, mwanafunzi aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele alipewa jembe. Aliyeshindwa hesabu alipewa jembe pia, akapelekwa nyuma ya darasa kulima huku wenzake wakiendelea kusoma. Miaka ikapita, nikawa mwalimu, nami nikawapa watoto wa watu adhabu ile ile bila kujiuliza inafundisha nini. Siku moja mvulana mdogo, akiwa ameshika mpini, aliniuliza kwa heshima kabisa: «Mwalimu, baba na mama yangu wanalima kila siku. Wao walikosa nini?»

Sikuwa na jibu. Nilimwambia arudi darasani. Yeye alirudi, lakini swali lake lilibaki nami hadi leo.

Makala hii ni jibu langu lililochelewa. Nataka tutazame pamoja historia ya vitu vitatu ambavyo mara nyingi tunavitenganisha: jembe, yaani kazi ya shamba dogo linalolisha nyumba, kalamu, yaani kusoma, kutafakari na kuandika, na barza, yaani mazungumzo ya watu wanaotafuta pamoja namna ya kuishi vema. Historia inaonyesha kwamba vitu hivi vitatu vikikaa pamoja kwa hiari, humkuza mtu. Vikitenganishwa, au vikiunganishwa kwa amri, hata wazo jema hugeuka kuwa nira.

Jembe lilivyogeuka kuwa adhabu

Tuanze na Kitabu cha Mwanzo. Kabla dhambi haijaingia duniani, Mungu alimweka mtu katika bustani ili ailime na kuitunza. Kazi ya udongo ilitangulia kosa. Kilichokuja baada ya kosa ni miiba na jasho, si kazi yenyewe. Mwalimu anayempa mtoto jembe kama adhabu ameanza kusoma Biblia katika sura ya tatu, akairuka ya pili.

Lakini nchini mwetu jembe lilichafuliwa pia na historia ya karibu zaidi. Tangu mwaka 1917 utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wakulima wa Kongo kulima mazao uliyoyachagua wenyewe. Aliyekataa alitozwa faini, alifungwa, au alipigwa kiboko. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, chombo kilichopewa mamlaka juu ya sehemu kubwa ya ardhi ya Kivu ili kuigawia walowezi na makampuni. Vilima vikapandwa kahawa, chai na miti ya kwinini. Mtu aliyekuwa akilima migomba na maharagwe yake kando ya nyumba akajikuta kibarua katika shamba la mgeni, pengine juu ya kilima kile kile cha babu yake.

Wazee wa Bushi walikuwa na utaratibu wao wa ardhi uitwao kalinzi. Mtu alitoa ng'ombe au mbuzi kwa mwami au kwa mkubwa wa kilima, naye akapewa shamba ambalo watoto wake wangelirithi. Mkataba huo ulitunzwa katika kumbukumbu za watu, si katika karatasi. Uhuru ulipokuja, na hasa baada ya sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 kutangaza kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, karatasi ikaishinda kumbukumbu. Aliyejua njia ya kufika ofisini aliweza kuandikisha kwa jina lake shamba lililolimwa na wengine kwa vizazi. Hapo kalamu isiyojua jembe ililishinda jembe lisilojua kalamu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, utawala wa Rais Mobutu ulianzisha salongo, kazi ya pamoja ya lazima. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tunakumbuka watu wakitoka na majembe kwa kuogopa. Kulima pamoja, jambo ambalo babu zetu walilifanya kwa nyimbo na kulimaliza kwa kasiksi, kukawa jambo la kuhesabiwa na wakubwa. Basi si ajabu kwamba mzazi wa Kivu humwambia mwanawe: «Soma, mwanangu, ili usishike jembe.» Mzazi huyo hachukii udongo. Anachukia amri, faini na aibu vilivyofungwa katika mpini.

Benedikto na shauri la mdogo

Dharau hii si yetu peke yetu. Katika dola ya Kirumi pia, kazi nyingi ya shamba iliachiwa watumwa, na kitabu kilikuwa starehe ya mabwana. Benedikto wa Norcia, aliyezaliwa karibu na mwaka 480, alipelekwa Roma kusoma, kisha akaiacha shule na mji ili kumtafuta Mungu. Baadaye, katika monasteri ya Monte Cassino, aliandika Kanuni ambayo imeongoza wamonaki kwa karne kumi na tano.

Sura ya 48 ya Kanuni hiyo inagawa siku: saa za kazi ya mikono, na saa za kusoma Neno la Mungu polepole. Kazi na somo havishindani, bali kila kimoja kinakipumzisha kingine. Ikiwa umaskini wa mahali unawalazimu ndugu kuvuna wenyewe, Benedikto anataka wasihuzunike, kwa kuwa wanaoishi kwa mikono yao ndio wamonaki wa kweli. Sura ya 66 inaagiza kwamba, ikiwezekana, maji, kinu na bustani viwe ndani ya ua wa monasteri. Jembe na kalamu vikawekwa mikononi mwa mtu mmoja, awe mtoto wa bwana au wa mtumwa.

Lakini sura ninayotaka vijana mwikumbuke ni ya 3. Penye jambo kubwa, abati aiite jumuiya yote, asikilize shauri la kila ndugu, ndipo aamue. Sababu anayoitoa Benedikto ingewashangaza wazee wengi wa vilima vyetu: mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Sisi husema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Benedikto hakatai hekima hiyo. Anaongeza tu kwamba wazee wasiomsikiliza mdogo wanaweza kupitwa na sauti ya Mungu.

Mila hii haiko mbali nasi. Tangu mwaka 1955 masista Watrapisti wanaishi Kanuni hiyo katika monasteri ya Clarté-Dieu, Murhesa, hapa kwetu. Mwaka mmoja kabla yao, 1954, wamonaki wa shirika lao walifika Mokoto, katika vilima vya Masisi. Mwezi Mei 1996 vita vilifika Mokoto. Watu waliokuwa wamekimbilia monasteri waliuawa kwa wingi, na wamonaki wakalazimika kuondoka. Kwa hiyo nisieleweke kana kwamba shamba, kitabu na sala ni maficho ya kutuepusha na mabaya ya dunia. Mabaya huja mpaka mlangoni. Swali ni tunawajenga watu gani kabla hayajafika, na watu gani watabaki yakishapita.

Vijana wa Litowa

Wabenediktini walifika pia kusini mwa Tanzania, ambako abasia ya Peramiho, karibu na mji wa Songea, ilianzishwa mwaka 1898. Katika mkoa huo huo wa Ruvuma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kulitokea jambo ambalo halikuanzishwa na wamonaki wala na Serikali. Lilianzishwa na vijana.

Walikuwa wanachama wa Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichoongoza Tanganyika kufika uhuru mwaka 1961. Kiongozi wao aliitwa Ntimbanjayo Millinga. Walikwenda mahali paitwapo Litowa ili kufyeka pori na kuanza kijiji cha kulima kwa pamoja. Jaribio la kwanza lilivunjwa na njaa. Wakajipanga upya, wakarudi. Mwaka 1963 wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na mwaka huo Mwingereza aitwaye Ralph Ibbott alihamia kwao pamoja na mke wake na watoto wao, akawa mshauri. Tazameni neno hilo: mshauri, si mkubwa. Kufikia mwaka 1969 vijiji vya chama hicho vilikuwa 17.

Ni nini kilichokuwa tofauti pale? Kwanza, hakuna aliyeletwa kwa nguvu. Watu walikuja, wakaona, wakakaa au wakaondoka. Pili, mambo ya kijiji yaliamuliwa katika mkutano wa kijiji: shamba gani lilimwe, nani ajenge, mavuno yagawanywe vipi. Wanawake nao walikuwa na sauti katika mkutano huo. Tatu, Litowa ilikuwa na shule ambayo haikumfundisha mtoto kulikimbia shamba. Watoto walisoma, walilima, na walishiriki katika kuyaongoza maisha ya shule yao. Mwalimu mkuu, Suleman Toroka, aliandika juu ya kazi hiyo ili wengine wajifunze. Mjini Songea chama kilikuwa na mashine ya kusaga mahindi, mali ya wakulima wenyewe.

Rais Julius Nyerere aliyaona hayo, akafurahi. Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943, na mwalimu aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuingia katika siasa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, aliandika vijitabu viwili ambavyo mwalimu yeyote wa Afrika angefaa kuvisoma: «Elimu ya Kujitegemea», mwezi Machi, na «Ujamaa Vijijini», mwezi Septemba. Katika cha kwanza alilaumu shule inayomtenga mtoto na wazazi wake na kumfanya aidharau kazi yao. Katika cha pili alieleza kwamba vijiji vya ujamaa havina budi kuundwa na watu wenyewe, kwa hiari, na kuongozwa na wenyewe.

Mwaka mmoja, njia mbili

Hapa historia inageuka, na inatudai unyofu.

Baadhi ya viongozi wa chama na wa mkoa hawakupendezwa na wakulima wenye sauti yao wenyewe. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama kilichoongozwa na Nyerere mwenyewe, ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali yake ilichukuliwa. Walimu wa Litowa walitawanywa, na familia ya Ibbott ikaondoka. Wazo la Litowa lilisifiwa katika hotuba, huku barza ya Litowa imefungwa.

Miaka minne baadaye, Novemba 1973, Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Mahali pengine nyumba za waliokataa zilibomolewa au kuchomwa moto. Wakulima waliondolewa katika udongo waliouzoea, wakawekwa mbali na mashamba yao. Ukame nao ukaja, na nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Wazo lilikuwa lile lile la mwaka 1967. Kilichokosekana ni mazungumzo.

Lakini katika mwaka huo huo wa 1973, Serikali hiyo hiyo ilifanya jambo jingine, nalo ndilo linalonifundisha zaidi. Iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa «Mtu ni Afya». Vikundi vidogo vya majirani vilikutana kila juma, vikasikiliza kipindi cha redio, vikasoma kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, vikajadiliana kuhusu malaria, maji machafu na kuhara, kisha vikaamua la kufanya. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walitoka katika mazungumzo hayo wakaenda kufyeka vichaka, kuondoa maji yaliyotuama, na kuchimba vyoo vya shimo kwa wingi uliowashangaza hata walioandaa kampeni.

Linganisheni, vijana. Nchi ni moja, rais ni mmoja, mwaka ni mmoja, wakulima ni wale wale. Walipoambiwa «hameni», walihama kwa uchungu, na wengi walirudi katika mashamba yao ya zamani walipopata nafasi. Walipoulizwa «mnaonaje?», walishika majembe wenyewe. Sijui somo la historia lililo wazi kuliko hili.

Namheshimu Nyerere kwa sababu hakuificha mizigo yake. Mwaka 1984, kabla hajang'atuka, alikiri hadharani kwamba Serikali yake ilikosea ilipofuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika vya wakulima. Viongozi wachache husema hivyo wakiwa bado kitini. Mwaka 1985 aliuacha urais, akarudi kijijini kwake Butiama, karibu na Ziwa Viktoria. Alilima shamba lake. Alihudhuria Misa. Alipokea wageni na kuzungumza nao. Na aliandika: Injili zote nne alizigeuza kuwa tenzi za Kiswahili, nazo zikachapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Katika miaka hiyo hiyo aliitwa kupatanisha majirani zetu wa Burundi, kazi aliyoifanya mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 jimbo la Musoma lilianza hatua za kumwombea atangazwe mwenye heri, na sasa Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Sikusudii kusema kwamba maisha ya Butiama yalifuta makosa ya 1973. Nasema tu kwamba mzee huyo, baada ya kushika amri kwa zaidi ya miaka ishirini, alirudi kwenye jembe, kalamu na barza. Pengine alikuwa amejua ni kipi kinachodumu.

Na sisi wa Bukavu?

Tunacho tayari kile ambacho vijana wa Litowa walinyang'anywa. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai za Kikristo. Sisi tunaziita shirika. Familia za mtaa mmoja au kilima kimoja hukutana, husoma Neno, huzungumza, husali, na hutazama nani ni mgonjwa na nani hana chakula. Watu wengi wanadhani shirika ni mahali pa kutoa mchango na kupokea karatasi ya ubatizo. La hasha. Shirika ni barza yetu, na hakuna aliyetuamuru kuizungumzia mbingu tu.

Wazazi wetu walilijua hilo. Katikati ya miaka ya 1960 watoto wa Bushi walikuwa wakivimba miguu na nywele zao zikibadilika rangi. Watu waliuita ugonjwa huo bwaki, yaani njaa ya mtoto anayeshiba muhogo na ndizi lakini anakosa maharagwe, maziwa, nyama au samaki. Hapa Bukavu likaundwa Comité Anti-Bwaki, kamati ya kupambana na ugonjwa huo. Kumtibu mtoto na kumrudisha katika nyumba ile ile yenye shamba lile lile ni kumngoja arudi tena hospitalini. Ilibidi watu wazungumze na akina mama na akina baba juu ya kinacholimwa, kinacholiwa na kinachouzwa. Ugonjwa wa mwili ulihitaji dawa, na pia ulihitaji barza.

Tunalo pia fundisho la kalamu. Siku ya mkesha wa Noeli mwaka 1999, katikati ya vita, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliwaandikia waamini wake barua. Kwa sababu ya barua hiyo, tarehe 12 Februari 2000 wenye silaha walimzuia asirudi Bukavu, wakampeleka Butembo, naye akakaa huko miezi saba. Waamini walidai arudishwe, akarudi mwezi Septemba. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo alifariki mjini Roma. Fikirini: watu wenye bunduki waliiogopa karatasi. Kwa nini? Kwa sababu barua ile iliwafikia watu waliozoea kukutana, kusoma pamoja na kuulizana maana. Kalamu peke yake ingenyamazishwa kwa urahisi zaidi. Kalamu yenye barza nyuma yake ni vigumu kuinyamazisha.

Najua mtaniambia: «Mwalimu, shamba liko wapi?» Ni kweli. Katika Kabare na Walungu familia nyingi hazina hata hekta moja. Vita vimewafukuza watu vilimani. Machimbo yanamwita kijana kwa ahadi ya fedha ya haraka, na mji umejaa mpaka nyumba zinapanda kwenye miteremko inayobomoka. Siwaambii nyote mrudi kijijini, na mkristo asimwamuru mwenzake jambo hilo. Nimesimulia habari za mwaka 1973 ili nisirudie kosa lake.

Ninawaambia jambo dogo zaidi, ambalo mnaweza kulianza Jumapili ijayo. Wazee wetu wa Kiswahili wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana aliyesoma ambaye mama yake analima ana kitu ambacho mama hakukipata: anaweza kuandika. Mwandikie mama daftari la shamba. Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe gani? Mbegu za maharagwe zilikuwa kilo ngapi, na mavuno kilo ngapi? Zimeuzwa kwa bei gani, na fedha imefanya nini? Mpaka wa shamba ni mti gani na jiwe gani, na ni majirani gani wanaoujua? Swali hili la mwisho si dogo. Nimewaonyesha jinsi watu walivyopoteza ardhi kwa kuwa kumbukumbu yao haikuwa na karatasi.

Kisha yaleteni madaftari hayo katika barza. Chukueni mfano wa mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioonekana Masisi mwaka 2001 na baadaye ukafika kwetu Kivu ya Kusini. Wadudu huubeba kutoka ua la mgomba mmoja hadi la mwingine, na panga lililokata mgomba mgonjwa hulipeleka gonjwa hilo katika mzima. Kinga yake inajulikana: kulivunja kwa kijiti chenye panda lile ua linaloning'inia chini ya mkungu, mara ndizi zikishatokeza, na kupitisha panga motoni kabla ya kukata mgomba mwingine. Lakini mtu mmoja akifanya hivyo na jirani yake asifanye, ugonjwa unavuka mpaka. Mnyauko haujui kalinzi wala hati ya ardhi. Amri ya ofisi haiwezi kusimama katika kila shamba kila asubuhi. Majirani wanaozungumza wanaweza.

Na daftari hilo lisiishie kwenye kilo na bei. Benedikto aliwapa ndugu zake saa za kusoma kwa sababu mtu anayelima bila kutafakari huchoka kama ng'ombe, na anayetafakari bila kufanya kazi huanza kuishi kwa jasho la wengine. Acheni ukurasa mmoja kila juma kwa maswali mengine. Juma hili nimemshukuru nani? Nimemdhulumu nani? Ni neno gani la mzee ambalo sitaki lipotee? Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa historia ya familia, iliyoandikwa na wenyewe, si na wageni.

Kuhusu yule mvulana, nilimtafuta baadaye shuleni kwetu, nikamkuta ameshaondoka pamoja na wazazi wake. Sikupata kumjibu uso kwa uso. Ningemwambia hivi: wazazi wako hawakukosa kitu. Tuliokosa ni sisi, tuliochukua kazi ya bustani ya Mungu tukaifanya aibu. Tangu siku ile sikumpa tena mtoto jembe kama adhabu. Tulipolima bustani ya shule, nilishika jembe pamoja nao, na kabla ya kuanza tulikaa chini ya mti tukaulizana tupande nini. Mara nyingi aliyejibu vizuri zaidi alikuwa yule mdogo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Nyumbani kwenu, jembe linazungumzwa kwa heshima au kwa aibu? Aibu hiyo ilitoka wapi?

2. Mwaka 1973 watu wale wale waliitikia «mnaonaje?» kuliko «hameni». Katika kikundi chetu cha vijana, ni mambo gani tunayaamua kwa kuulizana, na ni yapi tunayapokea kwa amri tu?

3. Nani katika shirika letu hasikilizwi kwa sababu ni mdogo, ni mwanamke, ni mkimbizi au ni maskini? Tutamsikilizaje juma hili?

4. Kila mmoja achague mzee mmoja na shamba moja, aandike ukurasa mmoja, aulete katika mkutano ujao.

Bwana aliyemweka mtu bustanini aibariki mikono yenu inayolima, mikono yenu inayoandika, na vinywa vyenu vinavyotafuta ukweli pamoja. Amina.